Vizazi vitano vya majoka: shajara ya riwaya yangu

3 Agosti 2025, Jumapili

Leo naanza rasmi kuandika shajara ya huu mradi, maana mpaka sasa kila kitu nimekibeba kichwani na kwenye vipande vya karatasi na nikiendelea hivi nitapotea mwenyewe ndani ya stori yangu. Hali ilivyo kwa leo ni sura 14, maneno kama 38,000 hivi, na madaftari mawili yaliyojaa michoro ya ukoo, mishale, na majina niliyofuta na kuyarudisha.

Kwa ambao hawajui, riwaya inahusu koo mbili za majoka yanayopigana, ukoo wa Mbemkuru, wa kule mtoni, na ukoo wa Rondo, wa juu msituni, na inafuata vizazi vitano, waasisi, watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Waasisi ni ndugu baba mmoja mama mmoja, kaka anaitwa Mavumbi na dada anaitwa Shaba. Chanzo cha ugomvi ni yai. Mwaka wa ukame mto ulikauka, Mavumbi akaondoka kutafuta maji, kurudi anakuta yai lake halipo, Shaba kalichukua kalipeleka juu Rondo kwenye msitu na ubaridi. Mbemkuru wanasema liliibwa. Rondo wanasema liliokolewa, lingebaki pale lingeivia juani. Basi, kitu hicho kimoja ndo kinakula vizazi vitano.

Watu wengi nikiwaambia naandika majoka wanadhani nimeyatoa kwenye muvi za Wazungu. Hapana. Mimi ni mtu wa Lindi, na kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kutoka mjini kwetu upande wa kaskazini magharibi. Pale kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, wakawabebesha watu wa huku vichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku kama nne kwa miguu, ikapakiwa melini ikaenda Berlin na iko hukohuko mpaka leo. Huku tunamwita mjusi wa Tendaguru. Nilikuwa darasa la tano nilipomsikia kwa mara ya kwanza, nikakimbia nyumbani kumsimulia bibi, bibi akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema mifupa ina wenyewe. Hakuongeza neno. Hiyo sentensi nimekaa nayo miaka yote, na ndo iliyozaa hii riwaya, nilitaka kujua hao wenyewe ni kina nani na walikuwa wapi wakati mifupa ya babu zao inabebwa.

19 Agosti

Nimegundua kosa kubwa kwenye sura ya 9 na kosa lenyewe limenifungulia mlango.

Sura ya 9 ni vita ya kwanza kubwa ya kizazi cha watoto, Rondo wanashuka usiku kupiga Mbemkuru. Nilikuwa nimeiweka Januari kwa sababu nilitaka joto na mawingu ya mvua. Juzi nilikuwa ferini nasubiri kuvuka kwenda Kitunda, nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukaanza kuongea habari za pepo. Nikamuuliza, mzee, kitu kikubwa chenye mabawa kama tanga kikitoka Rondo kwenda Mbemkuru mwezi wa kwanza kitafika? Hakushangaa swali. Akaniambia mwanangu, mwezi wa kwanza ni kaskazi hiyo, unatoka kusini unakwenda kaskazini, upepo unakupiga usoni njia nzima, utafika umechoka na utapigwa na mtoto. Subiri kusi.

Nikabaki nimekaa pale feri ikaondoka bila mimi.

Maana angalieni, Rondo iko kusini magharibi ya Lindi na Mbemkuru uko kaskazini. Kwaiyo kusi ikivuma, kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa au wa kumi, upepo unawasukuma Rondo mgongoni, wao ndo washambuliaji. Kaskazi ikija, Desemba mpaka Machi, zamu ya Mbemkuru. Vita yao ina majira kama jahazi! Nusu mwaka ukoo mmoja unaua, nusu mwaka unazika na kujificha. Na katikati kuna tangambili, ule muda pepo zinapobadilishana na hakuna upepo wa kuaminika, hapo hakuna anayeweza kumshambulia mwenzake, kwaiyo tangambili ndo muda wa kutaga, kuoana, na kuonana kwa siri. Sikuwa na kitu kama hiki kabla. Nilikuwa na vita zinazotokea tu kwa sababu mwandishi anataka vitokee, sasa nina kalenda.

Sura ya 9 naiandika upya yote. Pia 11 na 12. Sijali, ni kazi ya furaha.

8 Septemba

Jana usiku mwezi umepatwa, na nimelala saa nane usiku naandika.

Ulianza kuliwa pembeni kama saa moja u nusu, watu wakatoka nje, msikitini kwetu ikaswaliwa swala ya kupatwa kwa mwezi, tulipotoka ulikuwa umeshafunikwa wote. Kuanzia saa mbili u nusu mpaka saa nne kasoro dakika nane, yaani saa moja na dakika 22, mwezi wote ulikuwa na rangi ya shaba. Shaba kabisaa, kama sufuria ya zamani. Mimi nina mhusika anaitwa Shaba tangu mwaka juzi na sikuwahi kufikiria mwezi.

Nilishuka mpaka ufukweni na daftari nikawa naandika nachoona, siyo nachofikiria. Nyota zilizokuwa zimefichwa na mwanga wa mwezi zikarudi nyingi. Bahari ikapoteza ule mstari mweupe, ikawa kitu cheusi kinachopumua. Mkono wangu nauona ila siuoni wino. Na kitu ambacho nisingekitunga, watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini bila mtu kuwaambia.

Sasa kwenye sura ya 17 mwezi unapatwa. Kiswahili chenyewe kinasema umepatwa, yaani kuna aliyeupata, na koo zote mbili zinaamini aliyeupata ni bibi Shaba aliyekufa. Ila Mbemkuru wanaona kaiba tena, kama alivyoiba yai. Rondo wanaona kaukumbatia usiungue. Tukio moja, kila nyumba inasoma kwa kitabu chake. Na mjukuu wa Mavumbi ana saa moja na dakika 22 za giza kupita katikati ya walinzi wa Rondo, na nimeiandika sura kwa muda huohuo, nimegawa dakika kwenye kurasa kama mtu anayegawa maji safarini.

Maneno 46,200.

21 Septemba

Mdogo wangu wa kike ndo msomaji wangu wa kwanza, anasoma kwenye simu akiwa kwenye daladala halafu ananitumia voisi. Voisi ya leo ina dakika sita. Kafika sura ya 13 na kachanganyikiwa. "Kaka, huyu Shaba si alikufa? Na huyu Mavumbi anayeoa ndo yule aliyemlilia yai au mwingine?"

Tatizo liko wazi. Nimefuata desturi ya kwetu, mjukuu anarithi jina la babu au bibi, kwaiyo katika vizazi vitano nina Mavumbi watatu na Shaba watatu. Rafiki yangu mmoja anayeandika hadithi za upelelezi kanishauri nibadilishe, kila mmoja awe na jina lake la kipekee, msomaji asihangaike. Nimekaa na huo ushauri siku tatu na nimeukataa. Kurithi jina ndo kurithi vita. Mtoto anazaliwa anaitwa Mavumbi na kabla hajafungua macho ameshapewa yai la kulipia kisasi, ukiondoa jina moja kwa wote umeondoa mzigo wenyewe.

Nilichofanya ni hiki, nimewapa majina kama tunavyofanya majumbani. Shaba mkubwa, Shaba wa mtoni, Shaba mdogo. Na nimetumia neno somo, lile la mtu unayechangia naye jina. Mjukuu haongei habari za "bibi yangu Shaba", anasema somo yangu. "Somo yangu alikufa kwa moto wenu." Nimeona neno hilo limebeba mambo mawili, ni undugu na ni deni, na nimelipa nafasi kila sura kuanzia ya 10.

Mdogo wangu kasoma tena. Safari hii voisi ilikuwa fupi, kasema "sasa nawajua, na ninawaonea huruma". Nimefurahi mno.

11 Oktoba

Hii siku nataka niiandike vizuri.

Kwa miezi kama nane kuna kitu kilikuwa kinanikera kwenye rasimu na sikujua jina lake. Nikisoma kwa sauti, kuna sentensi zinakwaruza. Leo asubuhi nikaprinti sura tatu steshenari, nikakaa na kalamu nyekundu, na nikaona. Ni ngeli.

Neno joka linaweza kwenda njia mbili. Unaweza ukasema joka lilisema, joka lile, majoka yalikuja, nililiona. Au ukasema joka alisema, joka yule, majoka walikuja, nilimwona. Zote unazisikia. Ile ya kwanza inamfanya kitu, kikubwa, cha kutisha, dude. Ile ya pili inamfanya mwenye roho, mtu wa kuzungumza naye. Na mimi kwenye rasimu nilikuwa nachanganya hovyo, ukurasa mmoja "joka lilimwangalia mwanawe", mstari wa pili "akalia". Nikataka kuchagua moja nisawazishe kitabu kizima, nikaandika kwenye daftari, a-wa kwa wote, basi.

Halafu nikarudi kwenye sura ya 5, Shaba anapomwelezea kaka yake kwa watoto wake, na kwa bahati, bila kukusudia, nilikuwa nimeandika hivi:

"Likaja hapa likinguruma. Lilikuwa limekasirika, na likikasirika halisikii. Mimi nikasimama mbele ya yai."

Anamzungumzia kaka yake wa tumbo moja. Likaja! Nywele zilinisimama. Nikaenda sura ya 6, upande wa Mbemkuru, Mavumbi anasimulia tukio lilelile, na yeye nilikuwa nimempa "lile dude lilikaa juu ya mwanangu". Wote wawili walikuwa wameshatoana kwenye ngeli ya wenye roho na mimi mwandishi wao sikuona.

Kwaiyo huu ndo uamuzi mkubwa kuliko wote niliofanya tangu nianze. Kila nyumba inajiita kwa a-wa na inamwita adui kwa li-ya. Sura zinapokezana, moja Mbemkuru moja Rondo, na sihitaji tena kuandika juu ya sura ni nani anasimulia, msomaji ataijua kwa kiambishi. Ukisoma "majoka wetu walitua, majoka yao yakatoroka" umeshajua uko nyumba gani. Na watoto wanakua ndani ya hiyo sarufi, wanajifunza kuongea na kuchukia kwa wakati mmoja, hawajui kama kuna namna nyingine ya kusema.

Halafu kizazi cha nne, kitukuu wa Rondo, Shaba mdogo, yuko mtoni usiku wa tangambili, anamkuta kijana wa Mbemkuru amevunjika bawa, na anakimbia nyumbani kumwambia mama yake, "Mama, kule mtoni nimemwona joka wa Mbemkuru, anaumwa." Mama yake anamrekebisha. "Umeliona. Linaumwa." Na yule mtoto anarudia, taratibu, "Nimemwona."

Hapo sikuongeza maelezo yoyote. Niliandika hiyo sehemu nikafunga laptopu nikatoka nje kutembea mpaka sokoni na kurudi.

Kuanzia leo na mimi kwenye shajara hii nawaita a-wa, wote wa pande zote mbili. Huko nyuma niliandika yanayopigana, naiacha ilivyo.

2 Novemba

Wiki mbaya. Nilijaribu kurahisisha kazi, nikatumia ile amri ya programu ya kutafuta neno na kulibadilisha faili zima kwa mpigo, kila "yali" iwe "wali" kwenye sura za Mbemkuru. Sikufikiria. Kiswahili hakiko hivyo, ile "yali" siyo ya majoka peke yao, ni ya maji, mawe, macho, maneno, majani. Nikapata "maji walijaa mtoni", "mawe walimwangukia", "macho yake walikuwa mekundu". Na nikaseivu. Na bakapu yangu kwenye flashi ilikuwa ya tarehe 5 mwezi wa kumi, kabla ya marekebisho yote ya sura ya 5 na 6.

Kwaiyo kurasa 212 nazipitia kwa mkono, sentensi moja moja. Nimefika 90. Ni kazi ya kuumiza macho ila kuna faida imejitokeza, nalazimika kuamua kwa kila joka kwenye kila mstari nani anamtazama. Kuna sehemu nimekuta askari mzee wa Rondo anateleza kwa nusu sentensi, anamwita adui a- halafu anajisahihisha. Nimeiacha. Nimeipenda.

23 Novemba

Leo nimeandika ukurasa mmoja tu, halafu nimeufuta.

Kizazi cha tano kinaangukia miaka ya 1905 mpaka 1913. Huwezi kuandika Lindi ya miaka hiyo ukaruka vita ya Majimaji, ilianza Matumbi Julai 1905, Agosti boma la Liwale likachomwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wale waliobeba mifupa ya Tendaguru miaka minne baadaye ni watu waliotoka kwenye hiyo njaa. Kuna misimu walikuwa kama 500 pale kilimani, na msimamizi wao mkuu alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilitakiwa lijulikane shuleni kama tunavyojua ya hao wataalamu waliokuja na meli.

Ukurasa niliofuta ulikuwa unamhusu Hongo. Wanaosimulia habari za Kinjekitile, yule mganga wa dawa ya maji ya Majimaji kule Ngarambe, wanasema alichukuliwa na mzimu Hongo akaingia majini akatoka mzima, na wengine wanasema Hongo alikuja kwa sura ya nyoka. Mwandishi wa majoka akisikia hivyo mkono unamwasha! Nilimfanya Hongo awe joka wa Mbemkuru. Sentensi zilikuwa nzuri. Ila nilipozisoma nikaona nimechukua imani ambayo watu walikufa nayo midomoni nikaifanya pambo la koo zangu mbili. Nikafuta. Majoka wangu wanaiona ile vita kwa mbali, wanaona moshi wa Liwale, na kwa mara ya kwanza hawajui ni nani kawasha moto, wao hawakuwasha. Inatosha hivyo.

14 Desemba

Kaskazi imeingia. Na mimi nimemaliza sura za uhamishoni, 21 mpaka 23, kwa haraka kuliko nilivyotegemea.

Shaba mdogo baada ya lile neno "nimemwona" anafukuzwa Rondo. Anapanda na kusi mpaka kaskazini kabisa, Ol Doinyo Lengai, karibu na ziwa Natron. Nimepachagua kwa sababu ya lava yake. Volkano nyingi lava inapita nyuzi 1,000 inang'aa nyekundu, ya Lengai iko kama 500 mpaka 600 tu, mchana ni nyeusi, inatiririka nyepesi kama oili chafu, halafu ikikaa hewani inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine duniani inayotoa lava ya namna hiyo siku hizi. Kwaiyo anakaa kule anakunywa, na akirudi Lindi moto wake mchana hauonekani. Mweusi, na anakopita panabaki peupe kama chumvi. Koo zote mbili zinamwogopa, na zote mbili sasa zinamwita li-, pamoja na mama yake. Hiyo ndo sura ya 23 na nilitetemeka kuiandika, mama anasimama mlangoni anasema "limerudi".

Maneno 71,500.

4 Januari 2026

Nilikuwa nimekwama na mwisho. Vita inaishaje? Sitaki ukoo mmoja ushinde. Sitaki mfalme wa amani atokee na hotuba. Sitaki ndoa, kila mtu anamaliza kwa ndoa.

Sikukuu nilikuwa kwa bibi. Macho yamepungua nguvu ila masikio yote yapo, nikamsomea sura mbili, akasikiliza kama alivyonisikiliza nikiwa darasa la tano. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hawa kwa nini hawawi watani?"

Nikasema bibi hawa wameuana.

Akasema ndo maana. Kwani Wangoni na Wahehe walikuwa wanapelekeana zawadi? Walipigana mpaka wakachoka, leo ni watani, Mngoni akifa Mhehe anakwenda kulala kwenye jeneza anadai alipwe ndo maiti itoke, na hakuna wa kumkasirikia. Utani, akasema, ni vita imepewa kazi nyingine.

Sikuwa na daftari. Niliandika kwenye mkono.

Kwaiyo mwisho ni mazishi. Mkuu wa Rondo anakufa kwa uzee, tangambili, hakuna upepo. Na anakuja kilembwe wa Mbemkuru peke yake kwa miguu, anashika mkia wa maiti, anasema haondoki huyu mpaka mnilipe yai letu. Kimya. Koo nzima inamtazama, moto uko kooni. Na mjane wa marehemu, aliyelelewa kwenye li- maisha yake yote, anasema, "Mwangalieni huyu mwizi. Kaja kula matanga." Mwangalieni. Kamtukana, ila kamtukana mtu.

Nimeiandika kwa siku nne, sura ya 27. Bibi kasomewa kwa simu. Kacheka pale pa mwizi.

25 Januari

Kuna kitu kimoja kuhusu Tendaguru ambacho nilikijua muda mrefu bila kukitumia. Yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, yule mwenye shingo ndefu, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, siyo mnyama mmoja. Mifupa yake imeunganishwa kutoka kwa wanyama tofauti waliochimbwa pale kilimani, aliyekosa mgongo kakopeshwa wa mwenzie, palipokosekana kabisa pakajazwa. Mfupa mmoja wa mkono wa mbele unazidi mita 2, mrefu kuliko mtu aliyeubeba.

Kwenye riwaya yangu Mavumbi na Shaba walizikwa Tendaguru, kila mmoja upande wake wa kilima, na koo zimelinda makaburi kwa vizazi vyote hivyo ili mfupa wa huyu usiguse udongo wa yule.

Sura ya 28 nimeimaliza jana usiku. Vilembwe wawili, watani sasa, wamejilaza juu ya tambarare ya Noto alfajiri wanaangalia msafara wa wapagazi unashuka kwenda Lindi, mstari mrefu, kila mtu na mzigo wake. Wanajaribu kutambua. Ule wa mbele ni mguu wa somo yangu. Hapana, ni wa kwangu. Ule ubavu je? Wanabishana kwa utani, wanatukanana, mpaka msafara unapinda kona, mizigo imeshachanganyika, na wanagundua hawajui tena kipi cha nani. Hakuna anayeongea mpaka jua linatoka. Wapagazi nimewapa nafasi yao pia, kuna mmoja anayeimba ili miguu isisikie uzito, na ndiye binadamu pekee kwenye kitabu anayeinua macho na kuwaona.

Mdogo wangu kasema kalia kwenye daladala, mpaka konda kamuuliza dada vipi.

8 Februari

Hali ilivyo. Sura 28 zimekamilika kwa rasimu ya kwanza, maneno 86,900. Kurasa zote 212 zilizoharibika nimeshazipitia. Bakapu sasa ziko sehemu tatu, na moja iko kwa mdogo wangu.

Zimebaki kazi hizi. Sura ya 2 na ya 3 bado zina upepo wa uongo, lazima nizipeleke kwenye kalenda ya kusi na kaskazi. Askari wa Rondo kwenye sura ya 15 anakufa halafu anaongea kwenye sura ya 18. Na jina la kitabu sina, nilikuwa na matatu yote nimeyakataa.

Na kuna ukurasa wa mwisho, nusu ukurasa tu, baada ya sura ya 28. Mwaka 1937, Berlin, ndani ya jumba, mifupa imesimamishwa, Mavumbi na Shaba ndani ya umbo moja, mkono wa huyu kwenye bega la yule. Hakuna nyumba inayosimulia hapo, siyo Mbemkuru siyo Rondo, kwaiyo kwa mara ya kwanza kitabu kizima hakina wa kuniamulia kiambishi. Nimeandika "limesimama". Nikafuta. Nikaandika "wamesimama", maana ni wawili. Hiyo nayo nimeifuta, kwa sababu wale vilembwe walishindwa kuwatenganisha na mimi sina haki ya kuwatenganisha.

Saa sita usiku nimeandika "amesimama" na nimeiacha. Kesho asubuhi narudi sura ya 2.